Mstari wa Kati wa Uwanja wa Ipyana

Tusekile alikuwa ameishi miaka kumi na mmoja hatua arobaini kutoka kwa baba mkwe wake, na asingeweza kukwambia pua ya mzee huyo ina umbo gani. Makubazi yake aliyajua: yalikatwa kutoka tairi la trekta, na la kushoto lilikuwa limelika kisigino. Kikohozi chake alikijua vizuri zaidi, maana ndicho kilichomwongoza. Kikisikika upande wa migomba, yeye alipitia upande wa shimo la takataka. Kikisikika mlangoni kwa mama mkwe, alitokea mlango wa nyuma na mwiko mkononi, akauacha wali ujipike wenyewe.

Wanyakyusa huliita jambo hili ukutila. Mwanamke akishaolewa hamtazami baba wa mumewe usoni, hakai naye chumba kimoja wala hamtaji jina. Baba naye ana wajibu wake, nao ni kukohoa kabla ya kukata kona. Siku hizi familia nyingi za Kyela zimelegeza. Wapo wakwe wanaokula meza moja na kutumiana picha kwenye simu, na hakuna aliyekufa. Familia ya Mzee Yakobo Mwambeje haikuwa imelegeza chochote, na si kwa sababu ya ukali. Ilikuwa familia ya watu wapole, na kila mmoja alikuwa akisubiri mwingine aanze.

Tusekile hakuzaliwa na haya. Alizaliwa Ikolo, kwa mkulima wa kakao mwenye mabinti watano, akacheza beki ya kati katika timu ya shule mpaka watoto wa shule jirani wakaomba asipangwe. Akaolewa Ipyana na Aliko, fundi wa baiskeli na pikipiki, mtu asiye na neno. Baada ya kumzaa Asifiwe alikwenda mjini Kyela kununua dawa ya kikohozi akakuta kozi ya waamuzi wa mpira inaanza, na mwanamke mmoja aliyejiandikisha ameshikwa na malaria. Wakamwomba akae kwenye kiti chake ili idadi itimie. Alikaa siku sita.

Siku ya nne waliwapa vibendera. Ugumu wa mshika kibendera ni kwamba jicho linatakiwa kuona mpira unapopigwa huku, na mguu wa mshambuliaji ulipo kule, kwa wakati mmoja, bila kugeuza kichwa. Wanaume tisa walishindwa. Tusekile alipatia mara kumi na mbili mfululizo, uso ukiwa umetazama mbele na jicho likiwa pembeni. Mkufunzi aliuliza amejifunzia wapi. Tusekile alijibu kwamba ameolewa.

Hivyo ndivyo alivyoanza, na miaka minane baadaye alikuwa mwamuzi msaidizi wa daraja la kwanza, na ndiye aliyekuwa akishika kibendera kila mechi yenye maana kuanzia Kasumulu hadi Matema. Alivaa suruali nyeusi ndefu chini ya bukta, hata kwenye joto la mwezi wa kumi na moja. Na kila mechi ilipochezwa Ipyana, kulikuwa na mpango usioandikwa popote. Mzee Yakobo ndiye aliyekuwa mtunza uwanja. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiuchora mistari kwa kamba, vigingi vya mbao na chokaa ya kopo, na hakuna aliyewahi kumwajiri wala kumfukuza. Alfajiri alichora. Mkwe wake akifika, yeye alikuwa ameshajiondoa nyuma ya stoo ya mpunga, ambako alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa akisikiliza mechi. Kwa filimbi na kelele tu aliweza kukwambia nani amecheza rafu na amestahili kadi gani.

Mwezi wa nane, Kyela ikapewa michezo ya vijana wa nchi tatu. Iliitwa Michezo ya Vijana wa Ziwa. Ziwa gani haikutajwa popote, kwa kuwa upande wa pili wana jina lao, na kamati ilikuwa imekaa vikao viwili kabla ya kuona kwamba "Ziwa" peke yake latosha. Mbio zilikuwa mjini, netiboli shuleni, mitumbwi ya kasia Itungi, na soka la wavulana chini ya miaka kumi na saba likaletwa Ipyana, kwa sababu ndio uwanja pekee uliokuwa na mistari iliyonyooka. Vijana wa Malawi walivuka mpaka Kasumulu kwa basi wakiimba. Wa Msumbiji walikuja kwa meli, wakashuka Itungi hawaimbi.

Pamoja na timu alikuja Benedict, mtathmini wa waamuzi kutoka Dodoma, mtu mwembamba mwenye penseli mbili mfukoni. Aliwakusanya waamuzi akawaambia kwamba baada ya fainali angependekeza jina moja la mwamuzi msaidizi kwa ajili ya beji ya kimataifa. Jina moja tu. Tusekile alikuwa na miaka thelathini na minne, na wengine wote walikuwa na ishirini na kitu. Hakuhitaji kuelezwa kwamba gari hilo halipiti mara ya pili. Aliitaka beji ile. Alikuwa akiitaka kwa namna iliyomwaibisha, usiku na mchana, na hakumwambia mtu isipokuwa Aliko, ambaye alisema sawa.

Mechi za awali alizifanya bila kosa. Timu ya Malawi ilikuwa na beki aitwaye Yakobo, na wakati wa ukaguzi Tusekile alimwita namba tano badala ya jina la baba mkwe. Kijana akadhani ndiyo adabu ya Tanzania, akawa anaitika vizuri.

Balaa lilikuja kwa wema. Afisa michezo aliyesimamia yote hayo aliitwa Teodora, mwenyeji wa Bukoba, aliyehamishiwa Kyela miezi mitano tu iliyopita, mchapakazi asiyekaa. Siku ya nusu fainali alizunguka nyuma ya stoo kutafuta mahali pa kuweka jenereta, akamkuta Mzee Yakobo juu ya kinu. Akauliza ni nani. Akaambiwa. Teodora alishikwa na uchungu wa kweli kwamba mtu aliyeuchora uwanja ule miaka thelathini na moja anasikiliza mechi nyuma ya stoo kana kwamba ameiba kitu. Mzee alijaribu kueleza. Lakini mzee wa Kinyakyusa haelezi habari za mkwe wake kwa mwanamke mgeni kwa sentensi moja, na Teodora hakuwa na muda wa sentensi ya pili. Akamshika mkono, akampeleka kwenye turubai la wageni, akamkalisha kiti cha mbele kabisa, katikati, pale mstari wa kati unapoishia.

Upande wa pili wa uwanja, Tusekile alikuwa kwenye mstari wake na kibendera mkononi. Msaidizi wa upande ule hutazama ng'ambo, na mchezo ukiwa katikati hutazama moja kwa moja turubai la wageni. Dakika ya tano mabeki walipanda juu, naye akapanda nao mpaka mstari wa kati, akageuza macho kuufuata. Kule mwisho aliona makubazi ya tairi, la kushoto limelika kisigino. Macho yakashuka yenyewe.

Yalishuka mechi nzima. Kila mchezo ulipofika katikati, Tusekile alitazama nyasi. Mzee naye, kule, alitazama mapaja yake, na watu wakadhani anasali. Dakika ya sitini na mbili kijana wa Msumbiji alisimama hatua nzima mbele ya mstari wa kati, nyuma ya mabeki wote, akapewa pasi, akaenda kufunga. Kibendera hakikunyanyuka. Malawi walikuwa mbele kwa mabao matatu, kwa hiyo hakuna aliyelia, lakini Benedict alibadilisha penseli.

Baada ya mechi alimweka pembeni. Alimwambia kwamba jina lake lilikuwa la kwanza, na bado lingeweza kuwa la kwanza, ila ameona jambo asilolielewa: hatazami mstari wa kati. Kwenye pembe zote anaona hata unyasi, ukifika mstari wa kati anakuwa kama mtu aliyeangusha sindano. Fainali ni Jumamosi, Tanzania, iliyoongoza kundi na kupita moja kwa moja, na Malawi, naye atakuwa upande uleule. Aangalie mstari ule. Tusekile alisema ndiyo, na hakueleza chochote. Mtu akishaanza kuomba msamaha kwa ajili ya mila yake mbele ya mtu mwenye penseli, hana pa kuishia.

Nyumbani Aliko alipendekeza mambo matatu, na hiyo kwake ilikuwa hotuba. La kwanza, mzee asiende. Tusekile alikataa. Teodora alikuwa ameshatangaza kwa kipaza sauti kwamba mzee atapewa cheti siku ya fainali, na kumrudisha kwenye kinu siku ya cheti chake ni dhambi. La pili, mzee akae nyuma ya turubai. Viti vya mbele vilikuwa vimeshabandikwa majina. La tatu, Tusekile abadilishane upande na mwenzake. Hapo alimtazama mumewe. Kukimbia mita moja mbele ya baba mkwe, umempa mgongo dakika tisini, umevaa bukta! Aliko mwenyewe aliona, akarudi kwenye minyororo ya pikipiki.

Siku mbili Tusekile hakulala vizuri. Ijumaa alimwendea mama mkwe wake, Felista, jikoni, akamwambia kwamba kesho atatazama. Atamtazama baba usoni mbele ya watu elfu tatu wa nchi tatu, kwa sababu ndiyo kazi yake, na baada ya hapo watamfanya wanavyotaka. Alilia alipokuwa akisema, na hakuficha. Felista aliendelea kumenya ndizi. Alimaliza mkungu, akafuta utomvu, kisha akasema tu kwa shukrani, "Ndaga, Mama Asifiwe. Nimesikia."

Jumamosi uwanja ulijaa tangu saa tano. Mistari ilikuwa imechorwa upya alfajiri, minene kuliko kawaida, na mstari wa kati ulikuwa umerudiwa mara mbili. Tusekile aliuona alipoingia, akaenda upande wake. Filimbi ikalia. Hakungoja mabeki wapande. Alijiambia ni heri aliloamua alifanye mapema, akasimama wima kwenye mstari wa kati, akanyanyua macho, akaufuata ule weupe hatua kwa hatua mpaka ng'ambo.

Kule mwisho kulikuwa na mgongo.

Mzee Yakobo alikuwa amekaa kiti chake cha mbele, katikati, mahali palepale palipobandikwa jina lake, ila kiti alikuwa amekigeuza. Koti la kahawia la kanisani lilitazama uwanja. Uso wake ulitazama wageni rasmi. Kati ya safu zote za watu waliokodoa macho mbele, yeye peke yake alikuwa amewageukia wao, mikono magotini, ametulia. Tusekile aliutazama mgongo ule. Ulikuwa mpana kuliko alivyodhani, na koti lilikuwa na kiraka begani. Alishukuru kwamba mpira ulikuwa umetoka na hakuna aliyemhitaji kwa sekunde kumi.

Yaliyotokea ndani ya turubai aliambiwa baadaye na Teodora, ambaye ilibidi aeleweshwe yote mwanzo hadi mwisho na ambaye tangu siku hiyo huuliza mara mbili kabla ya kumkalisha mtu popote. Mgeni rasmi, aliyejikuta ana kwa ana na mzee asiyemjua, aliuliza kama huyu bwana anagoma. Felista, aliyekaa kando ya mumewe akitazama upande wa kawaida, alijibu, "Ana mkwe." Wenyeji wote wakaitikia kwa kichwa, na mambo ya upande huo yakaisha. Mjumbe kutoka Msumbiji aliuliza mkwe ni ugonjwa gani. Akaambiwa ni wa muda mrefu.

Kazi ya Felista ilikuwa kumsimulia mumewe mechi. Mama huyu alikuwa ameolewa na mtunza uwanja miaka arobaini bila kuelewa mpira hata kidogo, na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo. Alisema wanakimbia. Mzee aliuliza kuelekea wapi. Alisema kule. Baada ya muda alisema wamesimama. Tanzania ilipofunga, mzee alijua kwa kelele; Malawi waliposawazisha, alijua kwa ukimya. Felista alithibitisha yote mawili kwa kusema kwamba mpira umeingia mle.

Mapumziko, wachezaji na waamuzi walipokwenda kupumzika, Mzee Yakobo alinyanyuka akakigeuza kiti. Alipokea cheti chake, akakiweka chini ya paja kisipeperuke, akaketi akiutazama uwanja mtupu kwa dakika kumi na tano. Hakuna aliyemsemesha. Filimbi ya kuwaita ilipolia, akakigeuza tena.

Dakika ya themanini na tatu, mabao yakiwa moja kwa moja, Malawi walikuwa wamepanda wote kwa kona. Mpira ukaokolewa. Kijana wetu namba kumi na moja, mwembamba, mwenye mbio za ajabu, alikuwa amesubiri katikati. Ukapigwa mpira mrefu, akaondoka peke yake, akamzunguka kipa, akafunga. Watu elfu tatu waliruka. Namba kumi na moja alivua jezi. Kisha wakaanza kuona, mmoja baada ya mwingine, kwamba kule kwenye mstari wa kati mwanamke mmoja amesimama kama nguzo na kibendera kiko juu.

Tusekile alikuwa ameona. Mpira ulipopigwa, mabeki wote wa Malawi walikuwa bado kule nusu ya Tanzania. Mstari ule mnene mweupe ulilala katikati, umenyooka kuanzia miguuni pake mpaka kwenye kiti kilichogeuzwa. Kiatu cha namba kumi na moja kilikuwa upande wa mbele, kimeuvuka mzima, na chokaa ilikuwa kisiginoni. Kama mstari ungekuwa umepinda kwa upana wa kiganja, au umefifia kama viwanja vingine, asingejua. Alijua. Refa akakubali, na bao likafutwa.

Sitaki kueleza maneno yaliyotoka kwa wananchi wa Ipyana kwenda kwa mkwe wao. Mengine yalikuwa ya Kinyakyusa na hayana tafsiri ya heshima. Chini ya turubai, Jackson, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwenye sauti, alisimama akasema mbele ya mgeni rasmi kwamba mwanamke yule ni kipofu, kwamba ameiuza nchi, na kwamba mahali pake ni jikoni.

Mzee Yakobo hakugeuka. Alisema, bila kupaza sauti, "Ameotea."

Jackson alimwuliza mzee ameona nini, hali ameupa uwanja mgongo.

"Sijaona," alisema mzee. "Mstari nimeuchora mimi, na kibendera ameshika yeye. Ameotea. Kaa chini, Jackson, unamzuia mama aliye nyuma yako kuona."

Jackson akakaa. Mechi ikaenda penalti, Malawi wakashinda nne kwa tatu, na Tusekile akatoka uwanjani katikati ya askari wawili, mmoja wao akiwa hamsemeshi. Benedict alimfuata mpaka kwenye gari. Alikuwa ameikagua picha ya video ya kamati mara sita. Alimwonyesha daftari lake, ambalo watathmini hawaonyeshi mtu, na chini ya jina lake palikuwa na maneno manne tu: mstari wa kati, anauona. Jina la beji lilikuwa lake. Aliuliza kama anaweza kujua kilichobadilika tangu nusu fainali. Tusekile alisema kwamba kuna mtu alimsaidia, akaingia garini.

Jumapili baada ya ibada, Ipyana ilikuwa haijamsamehe, na hakuna mwanamke aliyepita kuazima ungo. Tusekile alikuwa jikoni kwa mama mkwe, akichambua mchele, alipokisikia kikohozi. Hakikutoka upande wa migomba wala mlangoni. Kilitoka nyuma ya ukuta wa jiko, karibu kabisa, kisha kigoda kikasikika kikiwekwa chini na mtu akaegemeza mgongo ukutani. Kikohozi hakikurudi. Mtu yule hakuwa akipita.

Tusekile alimtazama Felista. Felista alitazama moto.

"Mama," alisema Tusekile, akipaza sauti kidogo, "hivi nilishakusimulia ile mechi?"

Felista alisema kwamba alikuwepo, kisha akafikiri, akasema hapana, hajasimuliwa.

Basi Tusekile aliianza kwenye filimbi ya kwanza. Aliisimulia yote, huku ungo ukiwa magotini: nani alimpa nani, kwa mguu upi, beki namba tano wa Malawi alivyocheza mpaka akawa kila mahali, bao letu lilivyopita kati ya miguu ya watu wawili, lao lilivyogonga mwamba kwanza. Hakuna alichokiruka. Felista alisinzia dakika ya ishirini, akiwa amekaa wima, mkono kwenye mwiko. Alipofika mapumziko, Tusekile alisema kwamba mistari ilikuwa mizuri sana na waamuzi wote waliisifu.

Akaendelea. Akafika dakika ya themanini na tatu. Akasimulia kona, mpira mrefu, kiatu, chokaa kisiginoni.

Nyuma ya ukuta, sauti ambayo kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiisikia tu ikizungumza na watu wengine ilisema, polepole, "Felista. Mwambie arudie hapo."

Felista alikuwa amelala. Tusekile alisubiri kidogo, kama adabu inavyotaka, mtu wa katikati apate muda wa kufikisha ujumbe. Kisha akauweka ungo chini, akarudia tangu kwenye kona.